Kibanio cha Upande wa Dereva

Gari la Mama ni la zamani, lina milango miwili, na paa lake ni turubai linalokunjwa na kulazwa nyuma ya viti kama mkeka. Naanza na hilo kwa sababu nikiwaambia wenzangu shuleni kwamba mama yangu ana gari, wanaona picha nyingine kabisa, halafu nashindwa kuwarekebisha. Mimi si mtu wa kurekebisha watu. Mtu akishaelewa vibaya namwacha hivyo hivyo, naenda kuandika.

Mama ni mpishi kwenye kambi ya watalii upande wa Robanda. Sisi tunaishi Mbalibali. Zamani alikuwa analala kazini na kurudi mwisho wa mwezi. Anakuja, anafua, anatusuka, anagombana kidogo na Baba kuhusu mbuzi, anaondoka tena. Angependa kurudi kila siku, lakini zamu ya jikoni inaanza alfajiri, na bodaboda hawakubali kupita alfajiri njia ile ya pembeni ya hifadhi, kwa sababu ya tembo na nyati. Mimi siwalaumu.

Halafu yule mzungu mzee aliyekuwa anasimamia kambi akastaafu. Alikuwa na kigari chake cha kutembelea siku za kiangazi, alichokileta kutoka kwao kwenye kontena. Siku anaondoka alimpa Mama funguo na kadi ya gari. Alisema mtu aliyempikia miaka yote ile hawezi kumwachia sufuria tu. Mama alikuwa anajua kuendesha, alijifunzia palepale kambini kwenye gari la kubebea maji. Kuanzia hapo akawa anarudi nyumbani kila jioni. Mdogo wetu wa mwisho alizoea haraka sana mpaka akasahau kwamba kulikuwa na wakati mwingine. Mimi sikusahau.

Sasa hilo paa. Linafungwa na vibanio viwili juu ya kioo cha mbele, kimoja upande wa dereva na kimoja upande wa abiria. Kila kimoja kinaenea kiganjani. Kuna ndoano, kuna mkono wa kusukumia, na kuna kipini kinachoshikanisha hivyo viwili. Unaivuta fremu ya paa mpaka ikae juu ya kioo, unanasa ndoano, unasukuma ule mkono mpaka unalia klak. Basi, paa limekaa. Bila hivyo vibanio, upepo unaingia chini ya turubai na turubai linataka kurudi nyuma.

Kipini cha upande wa dereva kilichakaa kikaanguka. Tulikitafuta uwanjani na chekecheo la unga, tukapata misumari, kifungo cha shati na meno ya kitana. Kipini hapana. Kwetu kitu kikiharibika hivyo hakuna anayeumiza kichwa, kinafungwa na mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpini wa jembe, mguu wa kiti, mlango wa banda la kuku, vyote vimefungwa mpira. Mama naye akafunga paa la gari kwa mpira, akaenda kazini nao wiki kadhaa, na sisi wote tuliona ni jambo la kawaida.

Mpira ulikatika akiwa njiani anarudi, jioni, kwenye ile sehemu tambarare ambako upepo haukuti kitu cha kuuzuia. Paa liliruka likasimama wima. Mama anasema alisikia kishindo, akadhani ni tairi, akageuka kutazama. Gari likaingia mtaroni. Hakuumia, ndivyo alivyosema. Baba alienda kulitoa kwa ng'ombe wake wa kulimia, akalivuta mpaka nyumbani watu wakiwa wamesimama pande zote mbili za barabara. Kile kibanio cha upande wa dereva, kilichokuwa kimebaki bila kipini, kiling'oka chote na hakikuonekana tena.

Watu wa kwetu hawaachi jambo kama hilo lipite bure. Kesho yake Baba alikuwa kisimani na ng'ombe, mzee mmoja akamwambia, "Aisee, jana tumemwona mkeo na mwavuli mkubwa. Mvua ilikuwa inamnyeshea yeye peke yake?" Wakacheka wote. Baba alicheka pia, nilimwona. Lakini aliporudi nyumbani alisubiri chakula kiishe, ndipo akasema.

"Lile paa lisipofungika kabla watoto hawajarudi shule, naita watu wa chuma chakavu."

"Gari ni langu," Mama akasema.

"Ni lako. Na wewe ni wa nani?"

Baba hakusema kwa ukali. Aliuona mtaro ule na alama za matairi kabla yetu sisi, na nadhani alama zile zilikuwa bado machoni pake. Hata hivyo mimi nilielewa neno moja tu: gari likiondoka, Mama anarudi kulala kambini. Na msimamizi mpya wa kambi alikuwa ameshamwambia haruhusiwi kupita njia ya hifadhi na paa lililofungwa na mpira. Kwa wiki ile alipewa lifti na gari la mboga, na lifti ya gari la mboga si kitu cha kudumu.

Tulifungua kibanio cha upande wa abiria, kile kizima, tukakitumia kama mfano wa kutafutia mwenzake. Tulianza na Mugumu, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji alikigeuzageuza.

"Mama, hiki si cha tranka?"

"Ni cha gari."

"Gari gani linalofungwa kama tranka la shule?"

"Wewe, nauliza kama unacho."

"Vya tranka ninavyo."

Mama alinunua vya tranka. Tulivifunga kwa skrubu pale pale nje ya geti letu. Vilipendeza kweli. Kwenye tuta la kwanza barabarani vilifunguka vyote viwili kwa pamoja, kwa adabu, kama mtu anayekufungulia mlango.

Siku ya mapumziko ya Mama tulipanda basi kwenda Sirari, kwa sababu watu wote walisema mpakani hakukosi kitu. Tulizunguka maduka ya spea mpaka miguu ikawa na vumbi la rangi mbili. Kila duka mimi ndiye niliyefungua kitambaa na kuonyesha, na Mama ndiye aliyesema, kwa sababu mimi nikisimama mbele ya kaunta sauti inakwenda kujificha. Kijana mmoja wa upande wa Kenya alikishika kibanio kwa vidole viwili.

"Hii ni ya gari gani, madam?"

Mama akamtajia.

"Ai! Hiyo gari mimi nimeionanga kwa kalenda tu. Sisi tunauza za gari zenye ziko barabarani."

"Na langu liko barabarani."

"Kama iko barabarani na paa haifungi, madam, hiyo ni mkokoteni." Halafu alipoona uso wa Mama akaongeza haraka, "Usikasirike, mama yangu. Jaribu Nairobi. Huko hakukosangi."

Duka lingine walitupa kifungio cha dirisha la basi dogo. Lingine wakatuambia tuwaachie mfano wetu wautume mahali, na Mama akaurudisha mkononi mwangu kabla sentensi haijaisha.

Njiani kurudi alikuwa ameegemea dirisha. Tulishuka Matongo kwa sababu alikuwa na unga wa ulezi wa kumpelekea dada yangu, ambaye ameolewa pale. Nasema "tulishuka", lakini kwa Dada nilienda mimi. Mama alikaa kwenye benchi la duka la barabarani.

Hili huwa nawaeleza rafiki zangu wa shule wanaotoka mbali. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume wana heshima yao. Hawapeani mikono. Hawali pamoja wala hawakai karibu karibu, na mama mkwe haendi tu kujikalia nyumbani kwa binti yake kama kwa shoga yake. Wakikutana njiani mmoja anapisha pembeni. Si ugomvi, maana Mama anampenda sana shemeji yangu na anamsifia kwa kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Na juu ya yote, mkwe hatumwi. Huwezi kumpigia simu mume wa binti yako ukamwambia njoo unitengenezee gari. Kwa hiyo ingawa shemeji ni fundi wa kuchomelea, na anatengeneza pampu na kompresa za wachimbaji wadogo pale Matongo, hakuna mtu nyumbani aliyemtaja tangu paa liruke. Kila mmoja alikuwa amemfikiria, nina hakika.

Nilimkuta kwenye karakana yake nje ya nyumba, na wachimbaji wamemzunguka.

"Mura, pampu yangu inaisha lini? Shimo limejaa maji, naogelea!" mmoja akalia, kwa lile neno letu la kumwitia kijana.

"Ogelea kwanza, huna mashindano," akawajibu. Kisha akaniona. "Shemeji! Karibu. Hiyo ngumi umefumbata nini? Dhahabu?"

Wakageuka wote. Nikahisi masikio yamekuwa moto.

"Fumbua, usiogope," mmoja akasema, "hapa hatukunyang'anyi, sisi tunazo za kwetu."

Nilifumbua kwa sababu kutofumbua kungeleta maneno zaidi. Shemeji alikichukua kibanio, akakifungua, akakifunga, akasikiliza ile klak sikioni kama mtu anayesikiliza saa. Dada alikuwa ametoka ndani, akaeleza yeye habari nzima ya paa, mtaro na chuma chakavu, kwa sababu mimi nilikuwa nikimtumia ujumbe kila siku. Kwenye ujumbe siogopi.

"Mama anajua umenionyesha?" shemeji akaniuliza.

"Hajui. Yuko barabarani."

"Basi hukuniomba. Mimi nimeona mwenyewe mkononi mwako. Sawa?"

"Sawa."

"Maana ukisema umeniomba," Dada akasema akicheka, "ataanza mkwe hatumwi, mkwe hatumwi, mpaka gari liende skrepa."

Shemeji alivuta bati la mafuta lililojaa vitu alivyowahi kufungua kwenye mashine zilizokufa, akachambua mpaka akatoa vibanio viwili vya waya mnene. Aliniambia vimetoka kwenye eakilina ya lori, lile kopo linalochuja vumbi lisiingie kwenye injini. Kifuniko chake kinabanwa na vitu kama vile, na lori linapiga mashimo mwaka mzima kifuniko hakifunguki. Alisema kitu kama cha Mama hakinunuliwi, kinafananishwa. Angekata hivi, angeunga ndoano ya chuma, kisha aje akifunge kwenye gari lenyewe, kwa sababu kibanio hakipimwi kwa macho. Alinirudishia mfano wangu baada ya kuuchora kwa chaki kwenye sakafu.

Mama nilimwambia kama tulivyokubaliana. 

"Ameona mwenyewe?"

"Ameona mwenyewe."

"Mkono wako umekuwa na dirisha?"

Lakini hakusema mkwe asije.

Shemeji alikuja Jumamosi na pikipiki, na sanduku la vyombo amelifunga nyuma. Baba alikuwa uwanjani, amekaa kwenye kigoda anachonga nira mpya. Walisalimiana vizuri, shikamoo Baba, marahaba mkwe, ng'ombe hawajambo, mvua huko vipi. Mama alikuwa ameshaingia jikoni kabla pikipiki haijazimwa. Jiko letu liko nyuma ya nyumba kuu, kwa hiyo ukiwa kwenye gari huoni jikoni na husikii mtu anayeongea kwa sauti ya kawaida.

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza, na nadhani fundi wa mahali pengine asingeliona kuwa ni tatizo. Ili ufunge kibanio cha upande wa dereva ni lazima ukae kwenye kiti cha dereva. Kiti kile ni cha Mama. Kanga yake imetandikwa pale, ndala zake za kuendeshea ziko chini ya pedali. Shemeji alifungua mlango, akaona, akaufunga tena taratibu.

"Hapa sikai," akasema.

"Toa hiyo kanga," Baba akaniambia.

Nikaitoa, nikatoa na ndala. Shemeji akatikisa kichwa, akasema kanga imetoka lakini kiti ni kile kile. Baba alifikiri kidogo, akakubali kwamba ni kweli, akaendelea kuchonga.

Kwa hiyo nilikaa mimi. Shemeji alisimama nje upande wa abiria, akaniambia la kufanya, na mimi nikafanya. Nilitoboa kwa drili ya mkono, ile ya kuzungusha. Skrubu hazikushika kwa sababu mbao ndani ya fremu ilikuwa imeoza, akaniambia nipitishe bolti mpaka upande wa pili na nikaze kwa nati. Bisibisi iliniteleza ikanichana kidole. "Damu ya fundi," akasema, "sasa umesajiliwa." Kibanio cha abiria tulikirudisha mahali pake. Cha dereva kikakaa vizuri, kikanasa, lakini kukisukuma mpaka kilie ilibidi nitumie mikono yote miwili na kuinuka kitini.

Shemeji alikiangalia kupitia kioo.

"Hicho ni kigumu. Lakini wewe mtoto. Nenda kamuulize mwenye gari: yeye huwa anafunga kwa mkono gani, na mkono wenyewe una nguvu kiasi gani? Kama una nguvu nakiacha hivyo, ndivyo kitakavyodumu. Kama hauna, nibadilishe."

Nilienda jikoni. Mama alikuwa anakoroga ugali. Alikuwa anakoroga kwa mkono wa kushoto. Tangu siku ya mtaro nilikuwa nimeona hivyo vitu vidogo: anabeba ndoo kwa kushoto, anavaa gauni kwa kuanza na mkono wa kulia taratibu kama anavisha mtoto, na usiku akinisuka alikuwa anapumzika kila mstari. Sikuwa nimemuuliza. Kwetu mtu akificha maumivu unamsaidia kuyaficha.

Nikampa swali la shemeji.

"Mwambie mkono wa kulia, na uko sawa," akasema bila kugeuka. "Una nguvu. Akiache hivyo hivyo."

"Mama."

"Nenda ukamwambie."

Nilielewa kwa nini. Baba yuko pale pale uwanjani. Akisikia kwamba bega liliumia mtaroni, hatangoja shule zifunguliwe.

Kutoka jikoni mpaka kwenye gari si mbali, lakini nilitembea polepole. Nilikuwa nawaza giza la alfajiri pale nyumbani, au jioni kambini, Mama peke yake, anasukuma kile chuma kwa bega bovu, hakilii klak, anasema ah, kimekaa tu, anaondoka nacho nusu. Halafu ile sehemu tambarare. Nilipofika, shemeji alisimama akinisubiri na Baba aliacha kuchonga.

"Anasema nini?"

"Anasema," nikasema, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "mkono wa kulia hauinuki. Bega linauma. Anatumia kushoto."

Shemeji hakunitazama. Alimtazama Baba, halafu haraka akatazama chini, kwa sababu bega la mama mkwe si habari ya yeye kuijadili.

"Sawa," akasema. "Nimeelewa. Nitaweka mkono mrefu, uje huku katikati, aufikie kwa kushoto."

Baba aliushika ule ubapa wa nira kama anaupima, akauweka chini.

Shemeji alikata kipande cha chuma bapa kwa msumeno, akakipinda juu ya jiwe kwa nyundo, akakipiga tupa mpaka kingo zikawa laini. Alinipa nikifunge. Sasa kibanio kilikuwa na mkono mrefu wa kuchekesha, umepinda kuelekea katikati ya gari kama shingo ya bata. Nilikisukuma kwa vidole vya mkono wa kushoto. Klak.

"Sasa ajaribu mwenyewe," Baba akasema, akasimama.

Shemeji akaondoka kwenye gari, akaenda kusimama na pikipiki yake kwenye geti, mgongo kwetu. Nikamwita Mama. Alikuja anafuta mikono kwenye kanga, akakaa kitini kwake. Aliuona ule mkono mrefu. Aliangalia ulikoelekea, upande wa kushoto, kisha akanitazama mimi, na nikatazama nati. Hakuwa na la kufanya, Baba amesimama mlangoni. Alivuta fremu kwa mkono wa kushoto, akanasa, akasukuma. Klak. Akainama upande wa abiria, klak.

"Twende barabarani," Baba akasema, akazunguka akaingia upande wa abiria.

Baba hapandi lile gari. Alikuwa hajawahi kulipanda. Magoti yake yalifika karibu na kidevu.

Mimi nilipanda pikipiki nyuma ya shemeji, tukawafuata ili tuangalie paa kwa nyuma. Kwa kweli ndivyo ilivyowezekana yeye kulijaribu gari bila kukaa ndani yake na mama mkwe. Tulimeza vumbi lao lote. Kufika ile sehemu tambarare, Mama aliongeza mwendo. Turubai lilivimba kama shavu la mtu anayepuliza moto. Shemeji alisogea karibu, tukawa tunaona ndani kupitia kile kidirisha cha plastiki cha nyuma. Mkono wa Baba ulikuwa juu, ameshika fremu, ameishika kwa nguvu. Lori la mchanga likaja upande wa pili, likapita na upepo wake. Paa liliinuka kidogo, upana wa kidole, likakaa. Mkono wa Baba ulibaki pale juu muda, halafu ukashuka.

Mbele kidogo wakasimama pembeni. Shemeji naye akasimama mbali kwa heshima, akageuza pikipiki itazame njia ya nyumbani. Nikashuka nikaenda mpaka karibu na dirisha la Baba, nisikie kama gari limepona.

Baba alikuwa anakiangalia kile kibanio chenye shingo.

"Linauma tangu lini?" akauliza.

Mama alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili. "Tangu siku ile."

"Na ulikuwa unapika kambi nzima."

"Nilikuwa napika."

"Na kwangu unapika."

"Kwako ni watu wachache."

Baba alitoa pumzi puani, ile ambayo kwake ni karibu na kucheka. Nilikuwa nangoja neno chakavu litoke. Nilijua likitoka litakuwa ni mimi niliyelileta, na nilikuwa nimeshajipanga kutolia.

"Jumatatu unaenda zahanati kwanza, wakuangalie hilo bega," akasema. "Kazini utachelewa, waambie mume wangu kasema. Jumanne nitaamka nikufungie mimi. Huko jioni mtafute mtu akufungie kabla hujatoka. Huo mkono mrefu uutumie ukikwama."

"Na hao watu wa chuma?"

"Watu gani?" Baba akasema. "Geuza gari, magoti yanauma."

Mama aligeuza. Aliponipita aliteremsha kioo kidogo.

"Wewe nikikutuma neno," akaniambia, "lifikishe kama lilivyo."

"Ndiyo, Mama."

"Mwambie mkwe ugali umeiva. Atakula na Baba yako." Akapandisha kioo. Hilo nilifikisha kama lilivyo.

Sasa shule zimefunguliwa na Mama bado anarudi nyumbani kila jioni. Zahanati walisema msuli, wakampa dawa ya kuchua, na mimi ndiye ninayemchua. Asubuhi nasikia Baba anatoka kabla ya majogoo, anafungua mlango wa abiria, klak, anazunguka, klak nyingine. Anapiga bodi kwa kiganja mara moja kama anavyompiga ng'ombe aende, na Mama anawasha gari. Mvua zikiwa kubwa maji yanaingia kwenye kona ya juu upande wa dereva, pale nilipotoboa mara ya kwanza skrubu zikakataa kushika, na yanamdondokea gotini. Amesema nikimaliza mitihani nitafute kitu cha kuziba.